LIVU YA LONDON PAMOJA NA WATOTO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Tumeombwa na Kamati tuseme machache juu ya safari ya London tuliyoifanya mwezi wa Julai, 2023, sisi wazazi wawili na watoto wetu watatu. Tulisita kukubali, si kwa kuwa hatuna la kusema, bali kwa kuwa twayajua yaliyonenwa ofisini siku tulipoondoka. Ilisemwa kwamba karani akipata visenti viwili vitatu huvimba kichwa. Kwamba kuwapeleka watoto Ulaya kutazama majumba ni kazi ya matajiri. Na kwamba wako jamaa zetu ambao nyumba zao zavuja. Maneno hayo hayakutuudhi sana, maana mengine tulikuwa tumekwisha kuambiana sisi kwa sisi, usiku, watoto wakiwa wamelala. Basi jioni hii hatukuja kujisifu. Tumekuja kutoa hesabu, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yetu: kilichotoka, kilichopotea, na kilichoingia.

Kwanza kilichotoka. Fedha za safari tuliziweka kwa muda wa miaka mitano katika chama cha akiba na mikopo, kila mwezi kabla mshahara haujaguswa. Katika mwaka wa pili tulizitoa zote, tukaiezeka kwa mabati nyumba ya mama yetu mzee huko Pangani, ambaye ndiye bibi wa watoto hawa. Kisha tukaanza upya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini chetu kilijazwa mara mbili. Hati za ruhusa ya kuingia Uingereza nazo zilitaka barua ya mwajiri, taarifa za benki, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na alama za vidole. Hapo ukarani ulitufaa, kwani kila karatasi ilikuwa ndani ya jalada lake.

Sasa kilichopotea. Tulifika London tukiwa na orodha ya mahali ishirini na sita pa kutazama katika siku kumi, nasi tuliionea fahari orodha ile. Tukajiandikisha kwa kampuni moja ya kutembeza wageni, ambayo jina lake hatutalitaja, ituzungushe kwa motokaa muda wa siku mbili. Tulipita mbele ya jumba la Mfalme, tukapita kanisa la Westminster Abbey, tukapita kanisa la St Paul's. Kila mahali tulipewa dakika kumi za kupiga picha, kisha honi ikalia. Tulipofika katika Ngome ya London, ambayo jengo lake la kale lilianzishwa na Mfalme William miaka ya 1070, tuliambiwa kwamba ada tuliyolipa ilitufikisha langoni tu. Ya kuingia ndani ilikuwa mbali. Tukaisoma tena karatasi ya mapatano, na kweli jambo hilo liliandikwa, kwa herufi ndogo, upande wa nyuma. Makarani wenzetu, tulitahayari! Sisi tunaosoma nyaraka za wengine mwaka mzima hatukuusoma wa kwetu.

Jioni ile mtoto wetu mdogo, wa miaka saba, aliuliza, "Baba, ule mnara wa saa kubwa tuliuona?" Mmoja akajibu kwamba tuliuona, mwingine akasema la, ulikuwa upande wa pili wa gari. Ilitubidi kuutafuta katika picha. Zilikuwa picha mia mbili na zaidi, nasi tuliona haya, kwa kuwa mambo yote yalikuwa ndani ya simu na hakuna hata moja lililokuwa ndani ya vichwa vyetu.

Hapo tukafanya mkutano wa nyumba nzima, jua likiwa bado halijatua ingawa saa ilikaribia tatu za usiku. Orodha ya ishirini na sita ikafutwa. Binti yetu mkubwa, wa miaka kumi na minne, akachaguliwa kuwa Katibu. Kijana wetu wa miaka tisa akawa Mshika Ramani. Na mdogo akawa Mweka Hazina, ijapokuwa mabasi ya mji ule hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014, hata kazi yake ikawa ya aiskrimu tu. Tukapitisha maazimio manne. La kwanza, siku moja mahali pamoja, au pawili miguu ikikubali. La pili, habari za mahali zisomwe kabla ya kwenda. La tatu, kila jioni kila mtu aseme alichokiona, na Katibu aandike. La nne, mtu akiachwa nyuma na wenzake, asiondoke aliposimama. Nao waliochukuliwa washuke kituo cha kwanza na kurudi.

Siku iliyofuata tulikwenda kuuona mnara uitwao Monument, ukumbusho wa moto mkuu. Moto ule ulianza baada ya usiku wa manane, tarehe 2 Septemba, 1666, katika nyumba ya mwoka mikate katika njia ya Pudding Lane. Upepo ulikuwa mkali na nyumba zilikuwa za mbao, zimebanana. Hata ulipotulizwa baada ya siku nne, nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 ya mitaa yalikuwa yamekwisha teketea. Mnara ulijengwa kati ya 1671 na 1677. Urefu wake ni futi 202, sawa na umbali wa kutoka chini yake hadi pale moto ulipoanzia. Tulipanda ngazi zake kwa miguu. Kijana alihesabu vidato 309, mdogo wake 313. Katibu akaenda kumwuliza mlinzi, akaandika 311.

Kutoka hapo tulitembea kidogo tu mpaka kanisa dogo la St Olave, ambamo amezikwa Samuel Pepys pamoja na mkewe. Mabwana, mtu huyo ni wa kwetu, maana alikuwa karani. Mwaka 1660 alipata kazi ya ukarani katika Baraza la Manowari, na ofisi yake ilikuwa jirani na kanisa hilo. Asubuhi ya moto alipanda juu Ngomeni akautazama, akaingia mashuani, akaenda kumweleza Mfalme Charles wa Pili kwamba dawa ni moja: nyumba zilizo mbele ya moto zibomolewe upesi. Meya wa mji alikuwa amesita, akihofu gharama na lawama za wenye nyumba. Sote twaujua ugonjwa huo, wa mkubwa anayengoja kibali hali jambo linaungua. Mfalme akatoa amri, na aliyetumwa kuipeleka ni yule karani. Baadaye akarudi kwake, akachimba shimo bustanini, akafukia divai yake na jibini yake. Watoto wetu walicheka sana kusikia habari ya jibini, wala hawataisahau.

Lakini sisi tulilifikiri jambo lingine. Habari hizi zajulikana kwa kuwa mtu yule, tangu 1660 mpaka 1669, aliandika kila siku aliyoyaona, kwa maandishi ya mkato, katika daftari zake mwenyewe. Hakuamriwa na mtu wala hakulipwa. Ripoti zake za kazi husomwa na wataalamu. Daftari za nyumbani husomwa na ulimwengu.

Jioni ya siku hiyohiyo ndipo tulipopata hofu kubwa. Katika kituo cha Tower Hill watu walikuwa wengi. Sisi na mabinti tulikuwa tumekwisha ingia katika treni ya chini ya ardhi, milango ikafunga, na kijana wetu yuko nje. Tulimwona kwa kioo, mkono wake umeinuliwa, kisha hatukumwona tena. Hatuna maneno ya kueleza urefu wa mwendo ule mpaka kituo cha Monument, nao ni mfupi kabisa. Tulishuka, tukavuka upande wa pili, tukarudi. Tulimkuta amesimama palepale, mgongo umegusa ukuta chini ya jina la kituo, na mtumishi mmoja wa reli kando yake. Mtumishi alituambia kwamba alimtaka waende pamoja ofisini, mtoto akakataa kwa adabu, akisema, "Imeandikwa nisiondoke." Mama yake alilia, baba yake akajifanya anatazama ramani. Kijana mwenyewe alikuwa ameishika ile ramani yake bila kuikunja. Ilichorwa kwanza mwaka 1931 na Harry Beck, mchoraji wa ofisi ya ishara za reli, kwa saa zake za mapumziko. Wakubwa wake waliikataa, wakaiona ngeni mno, na mwaka 1933 ikachapwa, watu wakaipenda. Huyo naye ni wa kwetu.

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambalo kuingia ni bure, tulitazama kitu kimoja hasa: jiwe la Rosetta. Ni waraka, wanachama wenzetu. Mwaka 196 kabla ya Kristo makuhani wa Misri walitangaza azimio la kumtukuza Mfalme Ptolemy wa Tano, na humo zimetajwa kodi alizozisamehe. Likachongwa kwa maandishi ya namna tatu, na kwa kuyalinganisha hayo Champollion wa Ufaransa aliweza, mwaka 1822, kuyasoma maandishi ya kale ya Kimisri. Katibu wetu akauliza, "Ikiwa ni la Misri, kwa nini liko hapa?" Tulimweleza kwamba lilivumbuliwa na askari wa Kifaransa karibu na Rashid mwaka 1799, Waingereza wakalichukua kwa mapatano ya vita ya 1801, na kwamba wako Wamisri wanaotaka lirudishwe. Akasema, "Katika mapatano hayo, Wamisri walitia sahihi?" Tulimwambia aliandike swali lake, nalo limo daftarini.

Siku ya mwisho tulikwenda Greenwich kwa mashua. Huko pana nyumba ya kutazamia nyota iliyoanzishwa mwaka 1675, na katika uwanja wake umelazwa mstari unaogawa mashariki na magharibi. Wajumbe wa nchi 25, waliokutana Washington mwaka 1884, waliuchagua uwe mwanzo wa kuhesabu, maana meli nyingi zilikuwa tayari zikitumia ramani zilizohesabiwa kutoka hapo. Watoto walisimama mguu huku, mguu huku. Kijana akachungulia simu, akasema mstari umekosewa. Na kweli, vipimo vya satelaiti vya siku hizi huiweka sifuri kiasi cha mita 102 upande wa mashariki.

Juu ya paa pana tufe jekundu ambalo lilianza kudondoshwa saa saba za mchana mwaka 1833, ili mabaharia mtoni warekebishe saa zao. Lilipodondoka tulimpigia simu bibi yao. Pangani ilikuwa saa tisa. Akauliza, "Huko jua linakuchwa saa ngapi?" Wakamwambia saa tatu za usiku na zaidi. Akasema, "Hiyo si saa tatu, wanangu, saa tatu za usiku ni giza." Ndipo tulipowaeleza watoto lile ambalo sisi wenyewe hatukupata kulifikiri. Kwetu jua huchomoza na kuchwa karibu wakati uleule mwaka mzima. Ndiyo maana wazee waliweza kuihesabu saa moja tangu kuchomoza kwake. London, mwanzoni mwa Julai jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja za alfajiri, na Desemba hata saa mbili za asubuhi. Mtu wa huko hawezi kulitegemea kuwa mwanzo wa hesabu. Saa yetu si saa iliyogeuzwa, kama wengine walivyotuambia shuleni. Ni saa sahihi ya mahali petu.

Bwana Mwenyekiti, tufunge hesabu. Kilichopotea ni siku mbili na ada ya ile motokaa. Kilichoingia ni daftari moja la kurasa sitini. Tuliporudi tulikwenda Pangani, na bibi akauliza, "Haya, mmeona nini?" Watoto walisimulia jioni tatu. Habari za zile siku mbili za kwanza zilikwisha kwa maneno mawili.

Usiku wa tatu bibi naye akaanza kueleza Pangani ya utoto wake, majahazi, mashamba ya mkonge, na njaa moja aliyoiona. Tulikuwa hatujapata kuzisikia habari hizo, nasi ni wanawe. Binti yetu akafungua daftari jipya. Bibi ana miaka themanini na mmoja, na kurasa zilizojazwa mpaka leo ni kumi na nne.

Kama tulifanya vema kuzitumia fedha zile, hatuwezi kuapa. Twajua tu kwamba paa lilitangulia, na kwamba daftari la Pangani lisingalianzwa bila lile la London. Asiyeweza kwenda Ulaya hajakosa neno hilo. Kalamu anayo, na wazee anao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaongeza kwamba si fedha peke yake iliyo mali.

Mwenye swali na aulize. Katibu wetu yuko hapa pamoja nasi, na daftari analo.