Dada Aliyebaki na Mama

Najua wengine mmetoka zamu moja kwa moja na hamjaona kitanda.

Nimeombwa nizungumzie pesa tunazotuma nyumbani. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma takriban dola bilioni 4.9. Wanauchumi wamebishana miaka mingi: mtoto hutuma kwa upendo au kwa matarajio? Gary Becker, mshindi wa Nobel wa 1992, aliiona familia kama mahali ambapo anayewapenda wenzake huwagawia chake kwa kuwa raha yao ni raha yake. Robert E. B. Lucas na Oded Stark wakaitazama Botswana, na mwaka 1985 wakachapisha waliyoyakuta. Ukame ulipokaza, familia ambazo mifugo yao ilikuwa hatarini zilitumiwa zaidi. Hapo mtu anaweza kuuona upendo. Lakini watoto wa kiume walituma zaidi pia kwa wazazi wenye ng'ombe wengi, nao ndio waliotazamia kuwarithi. Kwa mabinti haikuwa hivyo.

Msilichukue hilo kama tusi. Mtu anaweza kumpenda mama yake kwa moyo wote na bado jicho lake likawa shambani. Wazazi wenyewe wanalijua. Kuna wanaoificha hatimiliki mpaka siku ya mwisho, kwa kuogopa kusahauliwa wakishaitoa.

Linaloniuma mimi ni dada aliyebaki. Wengi wetu hapa Minnesota tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee. Tunajua maana ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumbadilishia shuka usiku wa manane, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila saa ya kazi inaandikwa, tunalipwa. Kule nyumbani dada anamfanyia mama yetu kazi hiyo hiyo. Hana zamu, hana wa kumpokea. Meza yake ya mitumba sokoni aliiacha ili awe karibu. Halafu matanga yakiisha, tunafika na risiti zetu, tunasema sisi ndio tuliomtunza mama, na tunataka ploti ya barabarani.

Risiti yake yeye iko wapi?

Kabla mwezi huu haujaisha, pigeni simu nyumbani, ndugu wote wakiwa kwenye laini. Tengeni kiasi cha dada, kiingie kwenye simu yake, mbali na pesa za dawa za mama, asilazimike kumega humo. Kisha mwombeni mama, akiwa bado na akili timamu, aseme nani apewe nini, na wosia uandikwe mbele ya mashahidi wawili wasio na fungu humo. Akitaka ploti ya barabarani iwe ya dada, sisi wa huku tuwe wa kwanza kuitikia.