Tusikie Kwanza, Ndipo Tujibu

Hotuba ya Katibu, iliyosomwa mbele ya wajumbe katika sherehe ya Umoja wetu kutimiza miaka kumi



Nimetakiwa na Halmashauri niseme maneno machache siku hii ya furaha. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za akiba, hisa na mikopo, na kazi hiyo wameifanya vema kuliko ambavyo ningaliweza mimi. Kwa hiyo nimechagua jambo ambalo haliandikwi katika daftari la fedha, lakini likiharibika laweza kuliharibu daftari lote. Jambo hilo ni namna tunavyojibiana.

Kariakoo ni mahali pa majibu ya haraka. Mnunuzi akiuliza bei na muuzaji akachelewa kidogo tu, mnunuzi amekwisha kwenda meza ya pili. Toka Mtaa wa Msimbazi hata Mtaa wa Congo, kila mtu amezoea kujibu kabla mwenzake hajamaliza kusema. Desturi hiyo yafaa sokoni, maana swali la bei ni swali jepesi. Lakini tumeichukua tukaiingiza ofisini na mikutanoni, na huko imetutia hasara. Naomba ruhusa nianze na hasara niliyoileta mimi mwenyewe.

Katika mwaka wa nne wa Umoja huu, mama mmoja muuza viungo, mwanachama wetu wa tangu mwanzo, alimtuma mtoto aniletee kikaratasi. Kilikuwa na maneno haya tu: “Katibu, nataka hesabu yangu yote kabla ya Ijumaa.” Siku hizo palikuwa na uvumi sokoni kwamba fedha za vyama haziko salama, na asubuhi ile wanachama wawili walikuwa wamekwisha kuja kudai akiba zao. Nilipokisoma kikaratasi kile niliona neno “yote” likiniruka usoni. Nikageuza upande wa pili nikaandika: “Mlango uko wazi kwa kila anayetaka kutoka.” Mtoto akakirudisha. Hata dakika mbili hazikupita.

Mama yule hakuja siku ya Ijumaa, wala wiki iliyofuata. Baadaye wanawake sita wa kikundi chake waliacha kuleta akiba zao. Mimi nilijisifu moyoni kwamba nilitambua mapema. Miezi miwili ikapita, mpaka Mweka Hazina alipokwenda kumwuliza nyumbani kwake Ilala. Alirudi na maelezo yaliyonifanya nione haya. Mama hakutaka kutoa hata senti moja. Mkwewe alikuwa akiomba mkopo wa kununua cherehani kabla ya msimu wa Idi, na yeye alitaka kujua jumla ya akiba yake ili aone kama yatosha kumdhamini. “Hesabu yote” maana yake ilikuwa jumla. Msimu wa Idi ukapita, cherehani haikununuliwa, na kazi ya kushona iliyokuwa imekwisha kuahidiwa ikachukuliwa na wengine.

Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti na maji ya kunywa, kisha akasema, “Mwanangu, mimi niliomba hesabu, wewe ukanipa mlango.” Hakuongeza neno jingine. Alinisamehe, na yeye na wenzake wanne wakarudi. Wawili hawakurudi mpaka leo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndugu zangu, watu wengi husema kwamba kosa la namna hii ni kosa la hasira. Mimi nimelifikiri sana, na naona hasira ni sehemu yake ndogo. Kosa kubwa ni kwamba nililijibu neno, nisiijibu haja. Sikujiuliza, “Mama huyu anataka nini?” Nilijiuliza, “Maneno haya yananigusaje mimi?” Basi jibu langu likawa linajibu uvumi wa sokoni, wala si karatasi iliyokuwa mkononi.

Jambo hili si dogo la ofisi ndogo. Historia yetu yenyewe yatufundisha. Hapa hapa Kariakoo, katika Mtaa wa Lumumba ambao zamani uliitwa New Street, ndipo chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Baadaye Serikali ya kikoloni ilitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa watu walio wengi katika nchi yao, hayo yalikuwa matusi. Wajumbe wa TANU walipokutana Tabora mwezi wa Januari 1958, wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Wala hawakuwa wajinga, kwa kuwa uchungu wao ulikuwa wa haki.

Mwalimu Julius Nyerere hakuukana uchungu huo. Lakini aliwarudisha wajumbe kwenye haja: twataka kuwaonyesha wakoloni hasira zetu, au twataka kuingia katika Baraza na kupata uhuru? Tukisusa, viti vitachukuliwa na wengine. Baada ya mabishano makali mkutano ulikubali kushiriki. Wako waliokataa, na Zuberi Mtemvu alijitenga akaunda chama chake. Lakini katika uchaguzi uliofanywa kwa awamu mbili, 1958 na 1959, wagombea wa TANU na wale waliopata msaada wake walishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Uamuzi ule wa Tabora waitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Natamani tukumbuke kwamba busara yake haikuwa ya upole. Ilikuwa ya kujua kinachotakiwa kabla ya kufungua kinywa.

Tuje karibu zaidi. Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa sababu ya malalamiko ya kodi na ya namna walivyokuwa wakikamatwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja, akawapa nafasi waseme mmoja baada ya mmoja, na maduka yakafunguliwa. Hata hivyo, Juni 2024 maduka yalifungwa tena. Kwa hiyo tusidhani kwamba kusikiliza ndiko kumaliza shauri. Kusikiliza ni mlango wa kuingilia tu. Asiyepita hapo hawezi kufika ndani, lakini anayesimama mlangoni naye hajafika.

Basi tufanye nini? Tangu siku ile ya kikaratasi, ofisi yetu imeshika mambo matatu.

Kwanza, barua au ujumbe wowote unaotuudhi husomwa mara mbili, na mara ya pili husomwa na mtu mwingine. Mtu asiyeudhika huona neno ambalo aliyeudhika hakuliona.

Pili, kabla ya kujibu twarudia haja ya mwenzetu kwa maneno yetu na kumwuliza kama ndivyo. Hata saa twauliza: mtu akiandika “saa 8”, je, ni mchana au ni ile saa nane ya Kizungu, yaani asubuhi saa mbili? Shehena ya nyanya inaweza kuoza juu ya swali hilo moja lisiloulizwa. Kuuliza si ujinga.

Tatu, jambo gumu halijibiwi kwa karatasi wala kwa simu. Twamwendea mwanachama, au twamwomba aje, tukakaa naye uso kwa uso.

Lakini naomba nisieleweke vibaya, maana ingekuwa aibu katika hotuba kama hii. Kufikiri si kuchelewesha. Mwanachama ambaye mtoto wake yuko hospitali hawezi kungoja tafakuri ya Katibu mpaka Jumatatu. Ofisi isiyojibu kabisa nayo imejibu, na jibu lake ni “Hatukujali.” Muda tunaoutaka ni mdogo sana. Mimi ningalitumia dakika tano tu kumwuliza yule mtoto, “Mama anataka kutoa akiba, au anataka kujua jumla yake?” na mkwewe angalishona nguo za Idi.

Miaka kumi hii tumeweka akiba ya fedha. Katika miaka kumi ijayo tuweke pia akiba ya maneno. Mwanachama akituomba hesabu, tumpe hesabu yake.

 Mungu aubariki Umoja wetu.