Vumbi la Dari ya Zamani
Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nashukuru kupewa nafasi hii kabla ya shauri la ukumbi wetu kupigiwa kura. Shauri lenyewe lina nia njema: vijana wetu wajitolee Jumamosi moja, waibomoe dari iliyochakaa ili Chama kisilipe fundi, na bodi zitakazosalia nzima wagawiwe wanachama, wakajengee mabanda ya kuku huko nyumbani. Nawaomba kwa unyenyekevu mliahirishe mpaka tujue dari hiyo imetengenezwa kwa kitu gani.

Ukumbi huu ni wa zamani, na majengo mengi ya rika lake yalitiwa bodi za saruji iliyochanganywa na asbesto. Asbesto ni jiwe lichimbwalo ardhini, lenye nyuzi nyuzi. Lilipendwa kwa kuwa haliungui, halishiki kutu, wala haliliwi na mchwa. Sifa hizo ni za kweli. Lakini bodi ikikatwa au kuvunjwa, nyuzi zisizoonekana kwa macho huruka hewani. Mtu akizivuta, huingia mapafuni na kukaa humo, maana mwili hauna nguvu ya kuziyeyusha. Baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi, huweza kuleta ugumu wa mapafu au saratani. Kijana atakayebomoa dari Jumamosi hataugua Jumatatu. Hapa majuto ni mjukuu kweli kweli.

Wala hatari si ya mfanya kazi peke yake. Mwaka 1960, huko Afrika ya Kusini, daktari J. C. Wagner na wenzake walitoa habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando unaozunguka mapafu. Karibu wote waliwahi kukutana na asbesto ya buluu ya jimbo la Cape; na baadhi yao hawakuwa wachimbaji, bali waliishi tu karibu na migodi.

Nami katika miaka ya 1970 nilikuwa seremala, nikazikata bodi hizi kwa msumeno bila kuambiwa neno. Jioni nilirudi nyumbani mweupe kama msaga unga. Watoto wakanikumbatia, na mama yao akakung'uta nguo zangu mlangoni. Mpaka leo jambo hilo lanikosesha usingizi.

Mtauliza, tutaitambuaje? Kwa macho tu hatuwezi kuwa na hakika. Zipo dalili: umri wa jengo, bodi ya kijivu, ngumu, iliyopigiliwa misumari na maungio yake kufunikwa kwa vipande vya mbao, na pengine ukingo uliovunjika huonyesha manyoya manyoya. Lakini rangi huficha mengi, na zipo bodi zisizo na asbesto zinazofanana nazo kabisa. Hakika hupatikana katika maabara, kwa darubini. Kabla ya hapo, yatupasa kuihesabu kila bodi ya namna hiyo kuwa ni asbesto.

Nawasihi basi mshike mambo haya, hapa na majumbani mwenu.

Kwanza, bodi iliyo nzima na imara iacheni. Isiyovunjwa haina madhara makubwa. Msiitoboe, msiikate, wala msiisugue kwa msasa.

Pili, ikivunjika, watoeni watoto na mfunge chumba. Msifagie vumbi likiwa kavu. Vipande vinyunyizieni maji taratibu, kisha mwiteni mwenye ujuzi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi.

Tatu, kazi ya kuziondoa waachieni wenye kibali cha NEMA. Wao huzilowesha, huzishusha nzima nzima bila kuzitupa chini, huzifunga katika plastiki nzito na kuzitia alama, kisha huzipeleka mahali palipotengwa. Tangu mwaka 2006 sheria ya Kenya imeihesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Haitupwi jalalani wala kandokando ya mto.

Nne, na hili ndilo kubwa, tusiwapelekee ndugu zetu mashambani bodi hizi. Banda la kuku litabomoka siku moja, na watakaookota vipande ni wajukuu zetu.

Bwana Mwenyekiti, najua sanduku letu si zito. Hata hivyo natoa shauri kwamba kwanza tulipie uchunguzi wa kipande kimoja, kitakachotolewa na mtu mwenye ujuzi. Ikionekana hakuna asbesto, nitakuwa wa kwanza kushika ngazi Jumamosi hiyo. Ikionekana ipo, tuchange polepole, hata kama ni kwa miaka miwili, na mikutano yetu tuifanye chini ya mti. Chama hiki kiliundwa ili tusaidiane katika ugonjwa na msiba. Kisiwe chenyewe chanzo cha msiba.