Je, Vijana Wetu Vyuoni Wanaridhika?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwaka, Mwanza.)

Ndugu Mwenyekiti, waalimu wetu wapendwa, na ninyi nyote tuliokula ugali wa bweni moja:

Nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya vijana wetu walioko vyuo vikuu. Sikuja kuwasifu wala kuwalaumu. Nimekuja kuungama jambo moja, kisha nitoe ombi.

Nilipoingia Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 1978, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Kwa utaratibu wa Azimio la Musoma la 1974, nilikuwa nimekwisha pita Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi. Serikali ilinilipia treni kutoka hapa Mwanza, ikanipa kitanda, chakula na posho. Hata hivyo, mwezi Machi mwaka ule ule, wanafunzi waliotutangulia walikuwa wameandamana kupinga nyongeza za mishahara na marupurupu ya viongozi, na wengi wakafukuzwa. Watu wale walikuwa wameshiba, na vitanda walikuwa navyo. Basi kuridhika kwa mwanafunzi si tumbo na godoro peke yake. Anataka pia asikilizwe.

Leo chuo kimetufuata mlangoni. Nyegezi, palipokuwa na chuo cha mafunzo ya jamii tangu 1960, pamekuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino tangu 1998. Bugando nako udaktari unafundishwa. Tunajivunia. Lakini gharama sasa ni za mzazi na mwanafunzi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, humpa huyu mkopo wote, yule nusu, na mwingine hakosi kukosa. Wengi hupanga vyumba mitaani, wenyewe huviita mageto. Asiye na chumba hubebwa na mwenzake: wawili kitanda cha mmoja.

Sasa niungame. Mwaka 2013, Jumamosi moja, kijana aliyesoma shule yetu alibisha hodi kwangu. Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha hapa jijini. Akaniamkia, nikamkaribisha. Akaniambia kwamba fedha za mkopo, ambazo wao huziita bumu, hazijafika, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nilifanya nini? Nilimpa nauli ya daladala na hotuba ndefu juu ya shida tulizozivumilia sisi. Sisi, ndugu zangu, tuliolipiwa hata treni! Akasema, "Nashukuru, mzee," akaondoka.

Baada ya miezi kadhaa nilimkuta mwaloni akipakua magunia ya dagaa. Alikuwa ameahirisha mwaka ili atafute kodi. Alinisalimu kwa heshima ile ile. Siku hiyo nilirudi nyumbani bila samaki niliyemfuata.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatembelea vijana wetu mageto kwao, nikiwauliza: mnaridhika? Nilitazamia malalamiko ya chakula. Wapo wanaosema wanafurahi: masomo wanayapenda, marafiki wanao, na jioni upepo wa ziwa ni wa bure. Lakini mmoja alinijibu, "Mzee, usiku nikiugua chumbani, hakuna mtu mzima mji huu atakayejua mpaka kesho." Kwao ni ng'ambo ya ziwa, na hapa hana ndugu. Sisi bwenini tulikuwa na kiranja aliyehesabu vichwa kila usiku. Tulimchukia, kumbe alikuwa baraka.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu lina sehemu tatu. Kwanza, kila kijana wetu anayeingia chuo hapa Mwanza apewe mwanachama mmoja wa kumjua kwa jina, na kumwalika mezani walau mara moja kwa mwezi. Pili, tutenge sehemu ya mfuko wetu kwa kodi ya miezi ya mwanzo. Bumu likifika, kijana arudishe, ili mwingine naye apate. Tatu, mkutano ujao tuwape wao nusu saa ya kusema, nasi wazee tunyamaze.

Kijana wa mwaloni alirudi chuoni mwaka uliofuata, akamaliza. Hakumaliza kwa msaada wangu. Nisingependa mwanachama mwingine yeyote aje kusimama hapa na kusema hivyo.