TOVUTI YA KIKUNDI IFUNGUKE KWA KILA SIMU

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Mlituomba tuzungumze juu ya tovuti, kwa sababu vikundi vingi sasa vinauza vikapu, asali na shanga kwa watu wa mbali, na mnunuzi wa mbali huuliza kwanza, "Tovuti yenu ni gani?"

Kuna kikundi kimoja tunachokijua. Kina mama walichanga pesa wakamlipa kijana wa mjini awatengenezee tovuti. Ilikuwa na rangi nyingi na picha zinazotembea. Kwenye kompyuta ya kijana ilipendeza sana. Kwenye simu za kina mama wenyewe ilizunguka tu, bando likaisha kabla vikapu havijaonekana. Tena jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la kijana, na neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake. Alipohamia mahali pengine, ada ya mwaka haikulipwa, tovuti ikazimika. Pesa za vikapu zilipotea hivyo. Basi leo tuone jinsi ya kuepuka hasara kama hiyo.

Tovuti ni maandishi

Mtandao wa tovuti ulibuniwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Mwaka 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia bure. Kwa hiyo lugha ya kuandika kurasa, yaani HTML, haiuzwi. Ukurasa ni maandishi ya kawaida yaliyowekewa alama. Kijana wenu aliyemaliza sekondari anaweza kuuandika kwa mkono katika programu ndogo kama Notepad. Kichwa kikuu huandikwa hivi:

<h1>Vikapu vya Kikundi Chetu</h1>

Alama ya kwanza inafungua, ya pili inafunga, kama mlango. Aya ina alama ya p, orodha ina ul na li, picha ina img, na kiungo cha kwenda ukurasa mwingine kina a. Kwa hizo chache, kikundi kinaweza kueleza kazi yake yote.

Kwani simu zote zitasoma? Ndiyo, mkianza na maandishi. Programu ya kufungulia kurasa inaitwa kivinjari, na viko vingi: Chrome, Firefox, Safari, Opera Mini. Kivinjari kikikuta alama kisichoijua, kwa kawaida huiruka na kuonyesha maneno yaliyomo. Ndiyo maana ukurasa wa maneno mazuri hauharibiki upesi. Lakini mkificha bei ndani ya picha au ndani ya kitu cha kuchezacheza, kivinjari kikishindwa nacho, mnunuzi haoni kitu. Opera Mini, kwa mfano, inaweza kupitisha ukurasa kwenye kompyuta za kampuni yake ukapunguzwe kabla ya kufika kwenye simu. Inaokoa bando, lakini mapambo mengine huachwa njiani.

Mambo matano ya kushika

Kwanza, ukurasa ulingane na kioo cha simu. Juu kabisa, katika sehemu ya head, wekeni mstari huu:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Bila huo, simu nyingi huonyesha ukurasa kana kwamba ni kompyuta kubwa, na maandishi yanakuwa madogo kama chawa. Na kwenye sehemu ya mapambo, picha zipewe max-width: 100% zisizidi upana wa kioo.

Pili, punguzeni picha. Picha moja ya simu inaweza kuwa megabaiti 3. Kumi ni megabaiti 30, na anayelipa bando ni msomaji. Mkipunguza kila moja ifike kilobaiti 100, zote kumi ni kama megabaiti 1 tu. Kila picha ipewe maelezo kwa alama ya alt, ili asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti, ajue kilichopo.

Tatu, njia ziwe wazi. Viungo vinne vinatosha: Mwanzo, Sisi ni Nani, Bidhaa na Bei, Wasiliana Nasi. Vikae mahali pamoja katika kila ukurasa. Msiandike "bonyeza hapa". Andikeni "Tazama bei ya vikapu". Na namba ya simu ya kikundi iwe kiungo, mtu akiigusa apige moja kwa moja.

Nne, mali iwe ya kikundi. Majina yanayoishia .ke yanasimamiwa na KeNIC. Jina liandikishwe kwa kikundi, risiti zikae kwa mweka hazina, na neno la siri lijulikane na viongozi watatu. Ada ya kila mwaka iandikwe kwenye bajeti kama kodi ya nyumba. Nakala ya faili zote iwekwe kwenye flashi na ihifadhiwe na katibu.

Tano, heshimuni wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi. Msiweke picha ya mama au mtoto, wala jina lake, bila ruhusa.

Jaribio la siku ya mkutano

Kabla ya kutangaza tovuti, kusanyeni simu za wanachama: ya zamani, ya kioo kilichopasuka, ya bei, na kompyuta moja ikipatikana. Mpeni shosho mmoja na kijana mmoja kazi hii: tafuta bei ya kikapu kikubwa, kisha tafuta namba ya simu. Msiwaelekeze. Nyamazeni na mtazame wanapokwama. Pale wanapokwama ndipo pa kurekebisha. Aliyekwama hana kosa, ukurasa ndio wenye kosa.

Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na ukurasa mmoja unaofunguka kila mahali, mengine yatafuata.

Ya kujadili kikundini:

1. Mnunuzi wetu anataka kujua mambo gani matatu kwanza?
2. Nani kati ya vijana wetu atajifunza kuandika, na nani atajifunza pamoja naye ili asibaki peke yake?
3. Neno la siri na ada ya mwaka, nani atavitunza?