Simameni Karibu: Neno la Mikoko kwa Wanakwaya

 

Nimeombwa niseme neno kuhusu umoja. Nitasema kuhusu mikoko, maana tunaishi nayo. Ukisimama upande wa Tudor maji yakitoka, unaiona mizizi imesimama juu ya tope kama miguu. Na waliozaliwa Mji wa Kale wamelala chini ya boriti zake. Upana wa vyumba vile vya zamani ulifuata urefu wa boriti.

Tope lile halina hewa, na chumvi yake ni kali. Mwaka 2010 watafiti, wakiwemo Wakenya, walichapisha majaribio mawili. Kule Sri Lanka walipanda miche ya mkoko, mingine imesongamana, mingine imeachana. Mtu angedhani iliyosongamana itanyang'anyana chakula. La! Ndiyo iliyopona zaidi. Pamoja ilinasa udongo, ardhi ikainuka. Na hapa kwetu Gazi, sehemu ya juu ambako maji hayafiki kila siku, miche ya muia na mkandaa ilishika vizuri zaidi ilipochanganywa na mchu, ule mti mgumu unaovumilia chumvi.

Habari ya miti kupelekeana chakula kupitia kuvu za ardhini, Suzanne Simard aliionyesha Kanada mwaka 1997, na wataalamu wangali wanabishana ni kwa kiasi gani. Mimi mchu wanitosha.

Sasa tuje kwetu. Kila mwaka tunapokea vijana, na wengi hawafiki Krismasi. Tunawapanga pembeni, eti wajifunze kwanza. Jamani, sauti ya tatu haijifunzwi pembeni! Unaijua ukiisikia sikioni kwako, kutoka kwa jirani aliyeiimba miaka ishirini.

Na nyinyi mama zetu wa sauti ya kwanza, mnaosema koo limechoka, mnataka kupumzika. Mama, hatuwahitaji kwa ile noti ya juu. Tunawahitaji muwe mchu. Kaeni kwenye safu, hata mkiimba nusu ya wimbo.

Nimeshazungumza na mwalimu, amekubali. Kuanzia mazoezi ya Jumamosi ijayo, kila kijana atasimama kati ya wakongwe wawili, na lile benchi la pembeni litarudishwa ukumbini.