Kidonge cha Mgonjwa Si Kidonge cha Mtihani



Wapo watoto ambao mawazo yao hayatulii. Hawawezi kukaa kitako, husahau walichotumwa, huanza kazi kumi wasimalize hata moja. Zamani waliitwa watukutu, na fimbo ndiyo ikawa dawa yao. Leo madaktari wanaijua hali hiyo kuwa ni ugonjwa, na kwa wengi huendelea hata ukubwani.

Dawa yake ina historia. Mwaka 1937, huko Rhode Island, Marekani, Dakta Charles Bradley aliwapa watoto 30 amfetamini, na karibu nusu yao masomo yao yakatengemaa sana. Mwaka 1944 methilifenideti ikatengenezwa Uswisi, baadaye ikauzwa kwa jina la Ritalin. Zote mbili ni dawa za kuchangamsha ubongo. Lakini mgonjwa huyu humsaidia kukusanya mawazo yake.

Mimi ni mfamasia. Mitihani ikikaribia, vijana hunijia dukani wakiulizia "kidonge cha kusomea". Huwajibu kwamba hakuna kidonge kinachoongeza akili. Hiki huondoa usingizi, na huweza kumfanya mtu aamini kuwa ameelewa. Hata mgonjwa anayeangaliwa na daktari huweza kupoteza hamu ya kula na usingizi, moyo ukaenda mbio, shinikizo la damu likapanda, na mtoto akachelewa kukua. Wachache husikia sauti zisizokuwapo. Mwenye kasoro ya moyo anaweza kufa ghafla. Anayekitumia ovyo huweza kuwa mtumwa wake.

Ndiyo sababu dawa hizi zimo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa za aina hiyo. Na mwaka 2023 Marekani iliagiza onyo lake litaje waziwazi hatari ya uraibu, ya kuzidisha dozi, na ya kugawiana vidonge.

Walimu na wazazi, mtoto asiyetulia apelekwe kwanza hospitali. Nawe kijana uliyeandikiwa dawa na daktari, itumie bila haya, wala usimpe rafiki hata kidonge kimoja, japo akubembeleze. Nanyi wengine msimcheke, wala msimwombe. Someni mapema, mlale usiku, mwingie mtihani na akili zenu wenyewe.